Wahuni wa Jumamosi

Neno mhuni halikuzaliwa uwanjani. Kwa wazee wetu wa pwani, mhuni alikuwa mtu asiye na makazi, asiye na mke, asiye na mkubwa wa kumwuliza alikolala. Aibu yake ya kwanza haikuwa ugomvi. Ilikuwa ni kutokuwa na kwao. Baadaye neno likapanuka, likawakusanya walevi, wezi wadogo wadogo na vijana wa vijiweni, na habari za mpira wa Uingereza zilipotufikia kwa redio, likawazoa na wale mashabiki waliokuwa wakipigana majukwaani. Nami nililibeba neno hilo nilipokwenda Manchester kwa masomo mwaka 1982, na katika miaka saba niliyokaa huko nilipata wasaa wa kulipima kwa watu wenyewe.

Nilipanga chumba Moss Side, kusini ya katikati ya mji, katika nyumba ya baharia mstaafu, mzaliwa wa Unguja, ambaye sote tuliotoka Afrika Mashariki tulimwita Ami. Aliingia na meli kwa ule mfereji mkubwa unaoiunganisha Manchester na bahari, akaoa huko, akafiwa na mkewe huko, na Kiswahili chake kilibaki kile cha ujana wake, safi kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Nyumba yake ilikuwa karibu na Maine Road, uwanja wa klabu ya Manchester City. Jumamosi ya mechi Ami hakuhitaji kuitazama kalenda. Akisikia tu kwato za farasi wa polisi zikigonga lami, akifungua mlango wa chumba changu kidogo na kuniambia, "Leo bahari imechafuka, mwanangu. Ukienda kazini, pita njia ya nyuma."

Kazi yangu ilikuwa ya usiku, katika mkahawa wa kebabu kwenye barabara ya Wilmslow, mtaa wa Rusholme, ambako watu waliotoka Pakistani na Bangladeshi walifungua mikahawa yao mlango kwa mlango. Kwa sababu hiyo watu wa mpira niliwaona mara mbili kwa siku moja: mchana wakiwa umati, na usiku wakiwa mmoja mmoja, mbele ya meza yangu, na njaa zao.

Tarehe 14 Mei 1983 nilikuwamo uwanjani. City ilihitaji sare tu mbele ya Luton Town ili isishuke daraja. Zikiwa zimesalia dakika chache, mlinda mlango Alex Williams aliupangua mpira kwa ngumi, ukamwangukia Raddy Antić, Myugoslavia aliyeingia kama mchezaji wa akiba, naye akaupeleka wavuni. Filimbi ya mwisho ilipolia, meneja wa Luton, David Pleat, alikatiza uwanja kwa suti yake ya rangi ya mchanga, akirukaruka kama mtoto siku ya Idi. Mashabiki nao wakamiminika, na wengine wakawaandama wachezaji wa Luton. Mbele yangu mzee mmoja alikaa kitako kwenye ngazi za saruji, kofia mkononi, kama mtu aliye matangani. Hatua chache kutoka kwake, vijana walikuwa wakiukimbilia ugomvi. Wapiga picha waliwafuata vijana.

Mpenzi wa ushairi angekuwa na mengi ya kusikiliza katika jukwaa la Kippax, upande ambao maelfu walisimama bila viti. Sauti moja ilianzisha mshororo, na kabla haujamalizika maelfu walikwisha kuudaka. Mahadhi yaliazimwa kutoka nyimbo za kanisani na za redio. Maneno yalitungwa wiki ile ile, na mtunzi hakujulikana. Upande wa pili ulijibu, na jibu likajibiwa. Nilipousikia mara ya kwanza uhasama ule wa sauti niliwakumbuka washairi wetu wa zamani, Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, waliorushiana tungo wakati miji yao ilipokuwa na vita. Niliwakumbuka pia mama zetu wa taarabu na mipasho yao, ambayo humchoma mtu bila ya kumtaja.

Lakini kwetu tusi la ushairi huvishwa fumbo, na fumbo humwachia mwenye kutukanwa nafasi ya kujibu bila kupoteza heshima. Kule fumbo liliweza kutupwa mara moja. Nilisikia waziwazi dhihaka juu ya ajali ya ndege ya Munich ya mwaka 1958, iliyoua watu 23, wanane kati yao wachezaji wa Manchester United. Nilisikia milio ya nyani ikielekezwa kwa wachezaji weusi wa timu ngeni, na waliolia nyani walikuwa wakimshangilia Alex Williams, mtu mweusi mzaliwa wa mji wao wenyewe, bila ya kuona mgongano wowote. Nje ya viwanja vingi vya Uingereza miaka ile, wafuasi wa National Front waliuza magazeti yao ya chuki kama watu wauzao njugu.

Usiku ulikuwa na sheria zake. Baa zilifungwa saa tano, zote kwa pamoja, na mji mzima ukatapikwa barabarani katika nusu saa moja. Hapo ndipo nyuso za mchana ziliponijia mkahawani. Walionekana kuwa watu wa kawaida mno. Wapiganaji wenyewe hawakuvaa jezi wala skafu, maana polisi walitazama skafu. Walivaa nguo za michezo za Kitaliano za bei ghali, viatu visafi, nywele zimechanwa. Mmoja alikuwa fundi wa mabomba, mteja wangu wa kila wiki. Alikuja usiku mmoja mdomo umepasuka, damu imemkauka kidevuni, akaagiza kebabu na kunisihi nisitie vitunguu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mkewe hapendi harufu.

Nililizungusha neno mhuni kichwani, likagoma kumkaa. Mtu huyu alikuwa na mke, watoto, kazi, kodi ya nyumba, na mama aliyekula naye kila Jumapili. Hakupigana kwa kukosa kwao. Alipigana kwa sababu kwao, yaani mtaa wake, klabu yake na rangi ya skafu ya babake, ndiko pekee alikohisi kuwa ana thamani, katika mji ambao viwanda vya pamba vilikwisha kufungwa na bandari ya mfereji ilifunga milango yake mwaka 1982. Sisemi haya kumsafisha. Yule aliyempasua mdomo, naye aliyempasua, walikuwa na mama zao pia. Nasema tu kwamba jina nililokwenda nalo halikueleza lolote.

Nasi watu weusi tulikuwa na jina letu mlangoni. Klabu moja ya katikati ya mji ilinirudisha mara tatu. Bawabu alisema ni viatu, mara ya pili akasema ni ya wanachama, mara ya tatu hakusema kitu. Basi tukaenda Reno, kwenye kona ya barabara ya Princess na Moss Lane East, ukumbi wa chini ya ardhi ambapo dari lilitona jasho na muziki wa soul ukapigwa hadi alfajiri. Juu yake ilikuwapo klabu nyingine iitwayo Nile. Waliokatazwa kwingine walijijengea mlango wao. Reno ilivunjwa mwaka 1987. Mwaka 2017 watu waliocheza pale ujanani walirudi pamoja na wataalamu wa mambo ya kale, wakaifukua kama mtu afukuavyo msikiti wa kale, na kukusanya vipande vya chupa na kumbukumbu.

Mwaka 1985 ndio uliolipigilia msumari neno lile. Mwezi Machi mashabiki wa Millwall walivunja viti na kupigana na polisi huko Luton. Tarehe 11 Mei, kijana wa miaka 15 alifariki mjini Birmingham ukuta ulipoanguka baada ya ghasia, na siku hiyo hiyo jukwaa la mbao la Bradford liliwaka moto na kuua watu 56. Tarehe 29 Mei, uwanjani Heysel, Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwashambulia wenzao, watu wakabanwa, ukuta ukaporomoka, wakafa 39, wengi wao Wataliano. Klabu za Uingereza zikapigwa marufuku Ulaya. Hapo ndipo msiba wa moto na msiba wa ghasia vilipochanganywa katika chungu kimoja. Ilionekana kuwa dawa ni uzio. Chelsea iliweka hata waya wa umeme kuzunguka uwanja wake, na Baraza la London likakataza usiwashwe. Katika viwanja vingi uzio wa chuma ulikwisha kusimamishwa, nasi tulitazama mpira kupitia matundu yake.

Kisha, bila ya serikali kuagiza, likatokea jambo la ajabu. Klabu ya Haçienda ilifunguliwa Mei 1982 katika jengo lililokuwa duka la mashua, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kubwa, ya baridi, na nusu tupu. Kiangazi cha 1988 ilifurika. Muziki ulitoka Chicago na Detroit, kazi ya vijana weusi wa Marekani, na vidonge viitwavyo ekstasi vilipita mkono kwa mkono. Mlango ule uliniruhusu. Ndani nilimwona fundi wangu wa mabomba amemkumbatia mtu wa upande wa United, wote wawili wakilia kwa furaha. Na msimu ule mashabiki wa City walikwenda mpirani na ndizi za plastiki za kupulizwa, ndefu kama mtoto. Siku moja baada ya Krismasi mwaka 1988, huko Stoke, maelfu waliziinua pamoja. Mwaka huo huo, mwezi Februari, ndizi ya kweli ilirushwa uwanjani Liverpool kumdhalilisha John Barnes, mchezaji mweusi, naye akaipiga kwa kisigino ikatoka nje. Tunda moja, mwaka mmoja, tusi na mchezo. Kwa mtu wa Unguja haikuwezekana kutokumbuka Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo wanaume hupigana kwa migomba mbele ya wazee, kila mtu akijua ugomvi unaanzia wapi na unaishia wapi.

Nisiipambe ile furaha. Mwaka 1989 msichana wa miaka 16 alikufa baada ya kumeza kidonge Haçienda. Baadaye magenge yenye bunduki yaliishika milango ya klabu za mji, na mwaka 1997 Haçienda ikafungwa kabisa. Lakini kwa majira machache nilishuhudia kuwa wale walioitwa wanyama walihitaji mahali pa kuingia tu, na si uzio.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest zilikutana Hillsborough, Sheffield, katika nusu fainali ya Kombe la FA. Msongamano ulizidi nje ya malango ya Leppings Lane, polisi wakafungua lango, na maelfu wakaelekezwa katika vizimba viwili vilivyokwisha kujaa. Mbele yao ulikuwapo uzio. Mechi ilisimamishwa saa tisa na dakika sita. Watu 97 walipoteza maisha, wa mwisho mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Mdogo wao alikuwa na miaka 10. Waliopanda uzio kuomba msaada, baadhi yao walirudishwa ndani, maana macho yaliyowatazama yalikuwa yameshafundishwa kuona wahuni wakivamia uwanja. Afisa aliyeamuru lango lifunguliwe alisema mashabiki ndio waliolivunja. Siku nne baadaye gazeti la The Sun liliwatuhumu mashabiki kuwaibia maiti. Damu za marehemu, hata za watoto, zilipimwa pombe.

Ami alizitazama habari hizo kwenye televisheni, shuka mabegani. Kwa siku nyingi walionyesha uwanja wa Anfield ukifunikwa kwa maua, na skafu nyekundu na za buluu zikifungwa moja kwa nyingine kutoka uwanja wa Liverpool hadi wa Everton. Msemaji mmoja akalirudia lile neno. Ami akasema, "Mhuni hana wa kumlilia. Hebu watazame hawa." Kisha akainuka kwenda kutia udhu.

Ilichukua miaka 27. Uchunguzi wa kwanza wa vifo ulisema ni ajali. Jopo huru la mwaka 2012 lilifichua maelezo ya polisi yaliyobadilishwa. Na tarehe 26 Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kuwa marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Wazazi wengine walikwisha kufa wakingoja kuondolewa kwa neno moja juu ya majina ya watoto wao.

Leo viwanja vikubwa vya Uingereza vina viti, na uzio umeng'olewa. Bei ya tiketi imewatoa wengi wa wale waliosimama Kippax. City ilihama Maine Road mwaka 2003, na pale palipokuwa na lango sasa pana nyumba na nguo zimeanikwa. Hapa visiwani, usiku wa mechi, vijana wetu hujaa vibandani na jezi za klabu zile zile, hushangilia, hutukanana, na mara moja moja hushikana mashati. Mtu mzima apitaye njia hutikisa kichwa na kulitamka lile neno. Mimi huwaangalia kwanza, nikawahesabu: huyu wa bibi fulani, huyu mjukuu wa mwalimu, huyu hufungua duka la babake asubuhi. Sijampata bado asiye na kwao.