Piga Pasi Kabla Nguo Haijakauka

Wasee, kuna kitu hakuna lekchara alinifunza kabla niache chuo: nguo ya pamba haingojewi ikauke kabisa ndio ipigwe pasi. Ianue ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukiishika unaskia ubaridi, lakini ukiikamua hakuna tone linatoka. Hapo ndipo.

Sababu ni rahisi. Maji hulegeza nyuzi za pamba, joto la pasi linazinyoosha, na zikikauka zimenyooka zinabaki hivyo. Zikikaukia kwa kamba zikiwa zimejikunja, zinabaki hivyo pia. Sasa utapitisha pasi mara kumi, mkono uchoke, na makunyanzi yanakuangalia tu.

Mimi nakaa bedsita, tokeni nanunua za mia mbili. Pasi yangu ni ya wati 1200. Ikiwaka nusu saa nzima, inakula yuniti 0.6. Kwa hivyo kupita mara kumi mahali ungepita mara mbili ni pesa inaenda.

Halafu kuna hii. Kazi yangu ni kurekodi video, na wateja wengine wakiskia uliacha chuo, wanakukagua kutoka viatu hadi kola wakitafuta ushahidi. Sina cheti cha kuwaonyesha. Kola iliyonyooka hainipi kazi, lakini inawanyima sababu ya kwanza ya kunikataa. Ndio maana napiga pasi jioni ile ile ya kufua. Sitaki kungoja asubuhi ya kukutana na mteja, halafu stima ipotee.

Si nguo zote lakini. Poliesta ipe moto mdogo, nukta moja. Nukta tatu achia pamba. Nyeusi igeuze nje ndani ising'ae. Ukimaliza, itundike kwa hanga kwanza, maana ukiikunja na unyevu itanuka. Na kama kwenu kuna nzi wa maembe, wale hutaga mayai kwa nguo zilizoanikwa nje, usiruke hata mshono. Joto la pasi ndilo huua hayo mayai.

Umechelewa na imekauka? Shosho yangu, na pasi yake ya makaa, alikuwa ananyunyizia nguo maji kwa vidole, anaiviringisha, anaiacha kidogo unyevu uenee kote. Makaa yakishika moto, nguo iko tayari. Hadi leo sijapata njia ingine inaishinda.