Isiolo: Wanyama, Mfaransa na mzaha wake

Ukitoka Nanyuki, ukayapita mashamba ya ngano ya Timau, barabara huanza kuteremka huku joto likipanda. Huko chini ndiko Isiolo, mji wa Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, ambako ngamia hawamshangazi mtu. Likizo ikikufikisha huko na watoto, msomaji, nakushauri ubebe muziki wa Camille Saint-Saëns.

Usishtuke. Mfaransa huyu aliutunga mwaka 1886 kuwachekesha marafiki zake, akauita Kanivali ya Wanyama, yaani sherehe yao. Ni vipande 14 vya kundi dogo la wapigaji, na vyote pamoja havifiki nusu saa. Kisha akaona haya! Alikataza usichapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande cha bata-maji. Alifariki mwaka 1921, nao ukachapishwa mwaka uliofuata.

Utie kwenye simu mapema, kisha uelekee mbuga ya Buffalo Springs, kusini mwa mto Ewaso Nyiro. Ndovu wakitokea, sikiliza fidla kubwa kupita zote, ile inayosimamishwa sakafuni ikamzidi mpigaji kimo. Inanguruma wimbo ambao Berlioz aliwatungia viumbe wa hadithi wanaoelea hewani. Kobe naye amepewa ngoma ya Offenbach ya kurusha miguu, lakini inakokotwa polepole mno hata watoto watakuuliza kama simu imeharibika.

Punda wa kawaida hana haja ya mbuga. Utampata mjini Isiolo akibeba mizigo. Kwa "wenye masikio marefu" fidla mbili hulia juu kwa ukali, kisha chini, na wengi huamini waliosimangwa hapo ni wahakiki wa muziki. (Sisi wa magazeti tunanyamaza.)

Lakini hasa mtafute punda milia wa Grevy: mistari myembamba, tumbo jeupe, masikio makubwa ya mviringo. Jina ni la Jules Grévy, rais wa Ufaransa, aliyetumiwa mnyama huyo na Menelik wa Abyssinia mwaka 1882. Na Grévy bado alikuwa madarakani Kanivali ilipopigwa kwa mara ya kwanza! Hata hivyo Saint-Saëns alichagua punda-mwitu wa Asia, piano mbili zikitimua mbio, akamwacha huyu wetu.

Wamebaki elfu chache tu duniani, karibu wote Kenya na wachache Ethiopia. Ukame ukibana, wao na mifugo hugombania nyasi zile zile na maji yale yale. Katika Kanivali kuna kipande cha mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka, marimba ikigongwa kama mbavu kavu. Ukikisikiliza huku ukimtazama Grevy, kicheko hupungua.

Ukiwakuta kwenye chemchemi asubuhi, zima simu. Dume akilia utasikia mguno wa kiboko uliochanganyika na punda mwenye pumu.