Jicho Lililoona Litaulizwa

Ndugu msomaji, wengi wetu walimu wa vyuo tuliichukia televisheni ilipoingia majumbani, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini haki na isemwe.

Mwezi wa Oktoba 1984, Mohamed Amin, mpiga picha Mwislamu mzaliwa wa Nairobi, alikuwa Korem, nchini Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zao za watu waliokuwa wakifa kwa njaa zilipoonyeshwa, walimwengu walishtuka na misaada ikamiminika. Kheri hiyo ilipitia katika chombo kile kile tulichokilaani.

Je, kuona peke yake kwatosha? Sikiliza kisa changu. Usiku mmoja, baada ya Isha, nilikuwa nikila huku nikiwatazama katika televisheni wakimbizi wa nchi ya mbali. Machozi yakanitoka. Mke wangu akaniambia kwa upole, "Maalim, yule bibi wa nyumba ya pili hajainjika chungu tangu jana." Mkono ukanigandia sahanini. Ya ng'ambo ya bahari nimeyajua. Ya nyuma ya ukuta wangu sikuyajua! Tulimpelekea chakula usiku ule ule, lakini aibu ile ninayo hata leo.

Ndugu yangu, televisheni hutufanya mashahidi, na shahidi ana wajibu. Tumefunzwa kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Ukiwaona walio mbali, waombee, uwatolee ulichojaaliwa. Kisha izime, utoke, ukabishe hodi kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.