Kadi ya Reading, daftari la Sori

Uingereza huendi mtoni kuvua kwa sababu tu una ndoana na hamu. Kila aliyetimiza miaka 13 anahitaji leseni ya Wakala wa Mazingira, na hata ukiwa nayo, maji yana wenyewe. Hapa Reading ninapoishi, sehemu nyingi za ukingo wa mto Kennet ziko mikononi mwa vilabu vya wavuvi. Unalipa ada ya mwaka, unapewa kadi, halafu unatajiwa siku za kazi: kufyeka magugu, kuokota taka, kukarabati ngazi za kushukia majini. Kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni mito hufungwa samaki watage. Nilijiunga kwa sababu ya upweke, na wazee wa klabu wakanipokea vizuri sana. Samaki wao hupimwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai.

Kwetu Sori nchini Kenya, kwenye ghuba ya Karungu ya Ziwa Victoria, samaki ni karo na unga. Hata hivyo huko nako kuna chama, na chenye uzito kuliko klabu yangu. Kutoka Muhuru na Sori upande wa Migori hadi Mbita, Rusinga na Mfangano upande wa Homa Bay, fuo huendeshwa na BMU, yaani vyama vya usimamizi wa fuo. Vyama hivi vilipewa kanuni mwaka 2007, na Sheria ya Uvuvi ya 2016 ikaendelea kuvitambua. Wanachama ni wenye mashua, mabaharia, wachuuzi na mafundi wa mashua na nyavu. Wao wenyewe huchagua kamati, na kamati ndiyo inayosaidia kusajili mashua, kulinda mazalio na kuangalia nyavu. Mbuta (sangara) asiyefika sentimita 50 hapaswi kutua ufuoni. Kazi hiyo ni nzito kwa sababu Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lote, na kila anayetafuta riziki humo yuko jirani na mwenzake. Ugomvi wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo si jambo la kushangaza ukiujua ubanano huo.

Mama yangu ni wa Mbita, na mama yangu mdogo bado ananunua omena (dagaa) huko na kuianika. Nikimpigia simu husema, "Mwanangu, mashua ikifika, mwenye nayo ndiye anayepanga nani apate." Nyuma ya maneno hayo kuna jaboya, aibu ambayo ukanda wetu unaijua: mama asiye na mashua kushurutishwa kulala na mvuvi ili auziwe samaki. Ndiyo maana naona kiti cha mwanamke kwenye kamati ya ufuo ni jambo kubwa. Hapo ndipo inapojadiliwa jinsi samaki wanavyouzwa, na hapa Reading sijawahi kukaa kwenye mkutano wa klabu wenye jambo zito kiasi hicho.

Sasa niwaseme wenzangu wa ughaibuni. Wengi tuna mashua ziwani. Tunatuma pesa, ndugu ananunua mbao, injini na nyavu, nasi tunangoja hesabu kwenye simu. Wavu wa macho madogo ni rahisi na huleta samaki upesi, kwa hiyo hatuulizi. Doria ikipita, anayekamatwa ni baharia aliyekuwa kwenye maji usiku. Jina letu halimo popote.

Haya hayangevumiliwa kwenye klabu ya Kennet hata wiki moja. Huko mwanachama hujulikana kwa jina, na akikiuka kanuni huulizwa yeye. Basi mwenye mashua aliye London au Doha ajisajili kwenye BMU ya ufuo wake, alipe ada, na akirudi likizo ahudhurie mkutano kabla ya kwenda kunywa soda mjini. Akiwa mbali, amteue mtu wa kumsemea, na gharama ya wavu halali iwe juu yake. Lakini kura ya kamati, kwa maoni yangu, tuwaachie wanaolala na kuamka ufuoni. Mimi na mdogo wangu tuna mashua moja Sori. Nimemwambia mabaharia wetu wote waandikwe kwenye daftari la BMU kwanza, kisha aandike jina langu.