Wageni wa Mto Humber

Kila vuli sisi wazee wa Etobicoke hushuka na wajukuu hadi Old Mill kuwatazama wavuvi, na samoni wakirukia kizingiti cha Mto Humber. Mkondo huwarudisha, nao hurukia tena. Samoni wa asili wa Ziwa Ontario walitoweka mwishoni mwa karne ya 19, mabwawa ya vinu yalipowazibia njia. Wengi wa hawa wa leo asili yao ni Bahari ya Pasifiki, walipandikizwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini samoni hurejea kwenye maji aliyokulia, akiongozwa na harufu yake. Wajukuu wetu nao, mto wao ni huu. Hatuwaonei choyo, twawaomba tu waijue pia bahari tuliyotoka.