Mchepuo Ukiukwepa Mji

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Tunduma, aliniuliza darasani swali lisilomo katika vitabu ninavyofundishia: foleni ya malori ikiisha, mama yake atamuuzia nani wali?

Nilikuwa nikieleza mpango wa kuipanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, pamoja na mchepuo wa Uyole hadi Songwe, kilomita 48.9. (Songwe hiyo ni ya kiwanja cha ndege, mkoani Mbeya, makao ya mkoa wetu wa Songwe ni Vwawa.) Mpango huo ninauunga mkono. Anayeijua miteremko ya Iwambi na Mbalizi anajua lori lililokatika breki hufanya nini mbele ya daladala na watoto wa shule.

Tunduma, hata hivyo, ni mji unaoishi kwa njia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji bandari isiyopitia kusini. Ndipo zikaja barabara kuu, bomba la mafuta, kisha reli ya TAZARA. Shaba inashuka pwani, mafuta yanapanda, na kinachobaki mjini ni kile anachonunua dereva akiwa amesimama: sahani ya wali, ndoo ya maji ya kuoga, vocha, kwacha za kuvukia Nakonde. Sitetei foleni. Kumlaza mtu siku kadhaa chini ya lori lake ni ukatili, na Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 ili kuuondoa.

Hofu yangu ni hesabu ya nani analipa. Serikali imeshaelekeza kwamba barabara ya haraka ya Kibaha–Chalinze–Morogoro ijengwe kwa ubia na sekta binafsi, mtumiaji alipie. Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, tayari ina mageti ya tozo. Hoja hiyo itafika nyanda za juu. Lakini kila anayenunua lita ya dizeli ameshachangia Mfuko wa Barabara. Akidaiwa tena getini, ana haki ya kuikuta njia ya zamani ikiwa hai, si mashimo ya kumswagia kwenye geti. Wakazi wa Kigamboni walilalamikia tozo za daraja lao tangu 2016 hadi zikapunguzwa 2022, na asiyetaka kulipa alizunguka Kongowe.

Tena, sheria ya fidia humtazama anayechukuliwa ardhi. Mwenye jiko ambaye kiwanja chake hakijaguswa, ila wateja wake wamehamishiwa kilomita kadhaa porini, hana fomu ya kujaza.

Maofisa mipango mnaosoma hapa, maegesho ya malori yapimwe kabla mchepuo wowote wa Tunduma haujachorwa, yawe mali ya halmashauri, na vizimba vyake vigawiwe wanaouza leo. Majina yao yaandikwe sasa, kabla madalali hawajafika.