Ng'ombe Wawili na Mashine

Kwetu Wakurya, ng'ombe aliyetengwa kwa ajili ya mahari hauzwi kwa jambo dogo. Kwa hiyo mdogo wangu aliponitaka nifike kwake Tarime kuamua kama ng'ombe wawili wa mwanawe wauzwe ili kuimarisha mashine, nilijua kwamba pale nyumbani hapakaliki.

Mashine yenyewe ni ile ndogo ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta, aina inunuliwayo na wapenda ufundi, ambayo huja kutoka China ikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Kijana alikuwa akichonga nayo vibao vya majina kwenye mbao na plastiki. Wala si uvumbuzi wa jana, kama vijana wanavyodhani: mashine ya namna hiyo ilionyeshwa Marekani, katika chuo cha MIT, mwaka 1952, ikisoma amri zake kutoka kwenye utepe uliotobolewa matundu.

"Baba mkubwa," kijana aliniambia, "mbao hazina hela. Wenye mashine za kusaga wanataka vipuri vya alumini, na wanavifuata Mwanza."

"Kaka, umemsikia?" mdogo wangu alidakia. "Anataka kuoa alumini."

Niliomba nionyeshwe. Kisu kilipogusa bamba la alumini, mashine ilitetemeka na kupiga kelele hata mbuzi wakakimbia. Baada ya dakika chache kisu kilikuwa kimegandwa na alumini, hakikati tena, kinasugua tu. Kijana akasema tatizo ni mota, ni dhaifu. Ndiyo maana alitaka ng'ombe wawili, mmoja kwa mota kubwa na mmoja kwa reli na skrubu.

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na swali langu lilikuwa moja tu: ni nini kinachopinda? Nilishika kichwa cha mashine kwa vidole viwili, nikakisukuma, kikasogea. Kitu kinachosogea kwa vidole vya mzee wa miaka sabini na zaidi kitazuiliwa vipi na mota kubwa? Mota kubwa ingekitikisa zaidi. Ndugu msomaji, hapa pana kanuni ninayoipenda sana: ukiongeza kimo cha boriti mara mbili, uimara wake dhidi ya kupinda unakuwa mara nane. Na kisu vivyo hivyo, kikitokeza mara mbili zaidi, kinapinda mara nane zaidi kwa nguvu ile ile. Tiba ilikuwa katika chuma na urefu.

Niliamua auzwe ng'ombe mmoja. Fedha yake ikanunua reli za kuteleza na skrubu zenye gololi zisizo na mchezo. Fremu mpya ilichomelewa hapa hapa Tarime kwa mabomba mazito ya chuma ya pembe nne. Mota ilitokana na mashine ya mkono ya fundi seremala, iliyopatikana kuukuu huko Sirari. Mdogo wangu hakuridhika; yeye alitaka asiuzwe hata mmoja, na kwa majuma matatu salamu zake kwangu zilikuwa fupi.

Lililonifurahisha zaidi ni hesabu ya mwendo. Mota ile haishuki chini ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Kisu kina jino moja, ili chenga zipate nafasi ya kutoka. Kila mzunguko tukitaka jino lichukue milimita 0.05, basi kisu kitembee milimita 500 kwa dakika. Kijana alikuwa akikiendesha polepole akidhani anakihurumia, kumbe kisu kisichouma chuma hukisugua, kikasababisha joto, na alumini ikanata. Hata mimi ilinichukua muda kukubali kwamba kwenda haraka kunaweza kupunguza joto. Tukaongeza mafuta ya taa kidogo kwa brashi, si ya kumwaga.

Kazi ya kwanza ilikuwa bamba la kushikilia beringi, unene milimita 12, la mashine ya kusaga mahindi ya huko Mugumu, wilayani Serengeti, iliyokuwa imesimama. Nusu milimita kila mpito, mipito 24. Kwenye mpito wa 17 umeme ukakatika. Umeme ukikatika mashine husahau ilipokuwa. Lakini kijana alikuwa ametoboa tundu dogo pembeni kama alama ya mwanzo, akarudi pale asubuhi na kuendelea. Tundu hilo sikumfundisha mimi.

Mwenye mashine alikuja mwenyewe na beringi mfukoni. Aliisukuma kwa kiganja, haikuingia. Akaigonga taratibu kwa kipande cha mbao, ikazama mpaka mwisho. Akauliza bei, akalalamika, akalipa, kisha akauliza kama tunaweza kumtengenezea mawili mengine ya akiba.